Video za harusi: tunalipia HD, tunapewa kivuli

Na Mwandishi Wetu

NI nadra kuingia katika nyumba ya miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Malindi hadi Mombasa na Vanga, usikute kanda au diski ya harusi iliyotiwa katika kabati la mama mwenye nyumba, pamoja na hati za shamba, vyeti vya kuzaliwa na vikuku vya dhahabu. Diski hiyo haitazamwi kila siku. Hutolewa afikapo mgeni kutoka Maskati au Toronto. Hutolewa pia pale mmoja wa walioonekana humo anapofariki dunia, watoto wake wakatamani kumwona tena akitembea na kucheka.

Hapo ndipo mambo yanapodhihirika. Diski imekwaruzika, au deki inaizungusha isiisome, au picha inakuja lakini nyuso zina ukungu. Wenye nyumba hushangaa, kwani walipompa kazi mpiga video waliambiwa kwamba kamera yake ni ya HD, na bei waliyolipa ilikuwa ya HD.

Aghalabu kamera hiyo ilikuwa ya HD kweli. Kilichopotea kilipotea baadaye, katika safari ya kutoka kamera hadi kompyuta, na kutoka kompyuta hadi diski. Makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo hatua kwa hatua, ili wavyele wanaojiandaa kuoza wajue la kudai. Kwa ufupi, jambo lenyewe ni hili: diski si hazina. Hazina ni zile faili za asili zilizotoka katika kamera, na mwenye haki ya kuziweka ni mwenye harusi.

TULIKOTOKA

Kanda ya video ya VHS ilitolewa na kampuni ya JVC huko Japani mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya Sony kutoa Betamax. Kwetu sisi kanda hizo zilienea katika miaka ya 1980, na si wachache walioletewa deki na jamaa zao waliokuwa Ghuba. Kanda ya kawaida ilichukua saa 3, nayo ilitosha kuingiza nikahi, walima na sehemu ya siku ya kupamba. Uzuri wake ulikuwa kwamba ilionekana kwa macho na kushikwa kwa mkono. Kilichonaswa kilikuwa mle ndani ya kile kisanduku cheusi, na nakala ikitolewa, hata mtoto aliweza kuona kwamba imefifia kuliko kanda mama.

Baadaye ilikuja VCD, iliyotolewa mwaka 1993, ambayo ilichukua saa 1 na dakika chache tu, ndiyo maana harusi moja ilihitaji diski 2 au 3. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na ilipofika kwetu ikaonekana kuwa ndio mwisho wa maneno. Diski moja ya gigabaiti 4.7 ilibeba saa 2 za picha safi.

Wakati huo huo kamera nazo zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1995 zilitoka kamera za kanda ndogo za MiniDV. Mwaka 2003 ikaja njia ya HDV, iliyotumia kanda ileile ndogo lakini ikanasa picha za HD. Mwaka 2006 Sony na Panasonic walishirikiana kutoa njia iitwayo AVCHD, ambayo haikuhitaji kanda tena. Picha ziliingia moja kwa moja katika diski ndogo, au katika kadi ya memori isiyozidi ukucha wa kidole gumba.

Mwaka huo huo wa 2006 diski za Blu-ray zilianza kuuzwa, zikashindana na HD DVD ya Toshiba. Toshiba ilisalimu amri Februari 2008, na Blu-ray ikabaki peke yake. Walakini katika nyumba zetu nyingi deki ya Blu-ray haikuingia. Kwa hiyo kamera zilisonga mbele, deki zikabaki palepale. Pengo hilo ndilo lililoimeza HD yetu.

HD NI KITU GANI?

Picha ya televisheni ni mkusanyiko wa vidoti, kama mkeka ulivyo mkusanyiko wa chane za ukindu. Chane zikiwa nyembamba na nyingi, nakshi huonekana vizuri. Zikiwa pana na chache, nakshi hukwaruza macho.

Picha ya HD kamili ina vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kutoka juu hadi chini. Ukizidisha utapata vidoti zaidi ya milioni 2. Picha ya DVD kwa utaratibu wa PAL, ambao ndio wetu, ni vidoti 720 kwa 576, yaani kama 415,000. Ile ya VCD ni 352 kwa 288, yaani kama 101,000 tu.

Hesabu ni nyepesi. Kwa kila vidoti 5 vilivyonaswa na kamera, DVD hubakisha 1. VCD hubakisha 1 kwa kila 20.

Katika harusi ya pwani hasara hii si ndogo, kwa sababu uzuri wa harusi zetu umo katika vitu vidogo vidogo. Nakshi za piko mikononi mwa bi harusi, ambazo mpambaji amezikalia kutwa nzima, katika HD zinaweza kuhesabiwa mstari kwa mstari. Katika DVD huungana zikawa doa jeusi. Jina la leso alizovaa shangazi zake husomeka katika HD. Katika DVD hujulikana tu kwamba kuna maandishi. Asumini katika kikuba huwa maua hapa, na pamba kule.

Tena mtu asidanganywe na deki ya DVD iliyoandikwa kwamba inatoa picha za HD kwa waya wa HDMI. Deki hiyo huichukua picha ndogo ya DVD na kuivuta ijae kioo kikubwa. Picha inaweza kuonekana laini kidogo, lakini vidoti vilivyotupwa havirudi. Kadhalika kanda ya VHS haigeuki kuwa HD kwa kupitishwa kwenye kompyuta. Anayeahidi hivyo anauza maneno.

KUTOKA KAMERA HADI KOMPYUTA

Hatua ya kwanza ya safari ndiyo yenye hasara zisizoonekana.

Aliye na kanda za MiniDV au HDV anahitaji kamera iliyo nzima na kompyuta yenye tundu la waya uitwao FireWire. Kanda ya saa 1 huchukua saa 1 kuingia, haiharakishwi, nayo hujaza kama gigabaiti 13 katika kompyuta. Kamera hizo sasa zinazeeka, na kompyuta nyingi mpya hazina tundu hilo. Mwenye kanda kama hizo asingoje.

Aliye na kadi ya AVCHD atakuta ndani yake folda ndani ya folda, na mwisho faili zenye majina ya tarakimu yanayomalizika kwa herufi MTS. Wengi huzichukua faili hizo tu na kuacha folda zilizobaki, wakidhani ni takataka. Kumbe kamera nyingi hazinasi hotuba ndefu katika faili moja. Kila faili inapofika gigabaiti 2 au 4, kamera huifunga na kuanza nyingine. Habari za jinsi vipande hivyo vinavyoungana zimo katika zile folda zilizoachwa. Ndiyo sababu ukaweza kuisikia hotuba ya nikahi ikikatika katikati ya neno, ikaruka, kisha ikaendelea. Dawa ni kunakili kadi nzima kama ilivyo, bila ya kuchagua, kisha kuviunga vipande kwa programu inayoijua AVCHD.

KUITAZAMA

Baada ya hapo mtu hutaka kuona. Hubonyeza faili, na kompyuta humwambia kwamba haiijui, au picha inakwenda kwa kurukaruka kama mtu mwenye kwikwi.

Picha za HD zimebanwa sana ili zienee. Njia ya kubana iliyotumika katika AVCHD huitwa H.264, na kompyuta hulazimika kuzibanua papo hapo, picha 25 kwa kila sekunde. Kompyuta nzee huchoka. Kwanza basi funga programu nyingine zote, na faili uinakili katika kompyuta yenyewe badala ya kuitazama kutoka katika kadi.

Programu inayosaidia wengi ni VLC. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale huko Paris, na tangu mwaka 2001 imekuwa ikitolewa bure kwa umma. Hufungua MTS, MP4, MKV, DVD na nyinginezo nyingi bila ya kuongezewa kitu. Manufaa yake yalizidi pale Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 bila ya uwezo wa kucheza DVD, watu wakadhani kompyuta zao mpya ni mbovu.

Dosari tatu zafaa zitambuliwe, kwa kuwa kila moja ina sababu yake.

Ya kwanza ni meno ya kitana. Wakati wa chakacha, mikono na viuno vinapokwenda kasi, kwenye kioo cha kompyuta huonekana mistari ya ulalo kama meno ya kitana. Faili haijaharibika. Kamera nyingi za wakati huo zilinasa nusu-picha 50 kwa sekunde, mistari shufwa zamu yake na mistari witiri zamu yake, jambo lililofaa televisheni za zamani. Katika VLC kuna mahali pa kuamrisha nusu hizo ziunganishwe, na meno yakatoweka.

Ya pili ni sauti bila picha. Simu nyingi za miaka ya karibuni hubana picha kwa njia mpya zaidi, H.265, iliyokamilishwa mwaka 2013. Televisheni ya zamani haiijui, kwa hiyo utasikia vigelegele na kuona giza. Faili ni nzima, msomaji wake ndiye asiyejua hati.

Ya tatu ni faili kukataa kuingia katika flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa utaratibu wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, hata flashi ikiwa ya gigabaiti 64. Flashi haijajaa. Ama faili ikatwe vipande, ama flashi ipangwe upya kwa utaratibu mwingine ambao televisheni yako inaukubali, baada ya kuondoa vilivyomo.

KUICHOMA DISKI

Twafika sasa kwenye kuchoma. Neno hili si la mzaha, kwani ndani ya kompyuta mna mwale wa mwanga unaounguza alama katika rangi iliyopakwa ndani ya diski. Mwale wa DVD ni mwekundu. Ule wa Blu-ray ni wa samawati iliyoingia zambarau, nao ni mwembamba zaidi, ndiyo maana alama nyingi zaidi huenea mahali palepale, na diski ya ukubwa uleule ikabeba gigabaiti 25 badala ya 4.7.

Mtu aliye na video ya HD ana njia nne.

Anaweza kuchoma DVD ya kawaida. Itachezwa na deki ya kila mtu, lakini HD imekwisha.

Anaweza kuiweka AVCHD kama ilivyo juu ya diski tupu ya DVD. HD hubaki, ila kwa mwendo wa megabiti 17 kwa sekunde diski moja itatosha dakika 37 hivi. Tena sheria ya diski za namna hii hairuhusu mwendo kupita megabiti 18, hali kamera nyingi huweza kunasa kwa 24. Diski hiyo huchezwa na deki nyingi za Blu-ray, wala isitiwe katika deki ya DVD, kwa sababu watengenezaji wenyewe wameonya kwamba yaweza kukwama humo isitoke.

Anaweza kuchoma Blu-ray. Kwa mwendo uleule, diski moja itachukua saa 3 na robo. Lakini anahitaji mashine ya kuchomea Blu-ray, diski zenyewe, na deki ya kuzichezea kwa kila atakayepelekewa.

Au anaweza kuacha diski zote akaweka faili katika flashi au diski ngumu, akaitia nyuma ya televisheni. Kwa nyumba nyingi leo hii ndiyo njia nyepesi, na HD hubaki yote.

Aliyeamua kuchoma na azingatie mambo manne. Achome polepole badala ya mwendo wa mwisho wa mashine. Aamrishe programu ihakikishe diski baada ya kuchoma. Aifunge diski, kwani isiyofungwa huchezwa na mashine iliyoichoma na kukataliwa na nyingine. Na aandike juu yake kwa kalamu laini ya wino wa diski, asibandike karatasi, kwa sababu karatasi hubanduka upande mmoja na kuifanya diski iyumbe.

Aliye na jamaa Marekani au Kanada akumbuke pia kwamba DVD ya PAL huenda isichezwe na deki za huko, zilizozoea utaratibu wa NTSC wa vidoti 720 kwa 480. Wa Omani, Dubai na Uingereza hawana taabu hiyo. Kompyuta hucheza zote mbili.

TUI LA KWANZA NA TUI LA PILI

Kuna jambo moja ambalo wapiga video wengi hawalielezi, na pengine ndilo kubwa kuliko yote.

Kubadilisha faili kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuhamisha picha kutoka chombo kimoja hadi kingine bila ya kuzigusa, mathalani kutoka MTS kwenda MKV au MP4. Hiyo ni sawa na kuitoa halua katika kikapu ukaitia katika sahani. Halua ni ileile, na kazi humalizika kwa dakika chache.

Ya pili ni kuzibanua picha na kuzibana upya. Hiyo ni kama nazi. Tui la kwanza ni zito, ndilo kasimile. Ukitia maji na kukamua tena, utapata tui, lakini si lile. Ukikamua mara ya tatu, utapata maji meupe. Mpiga video anayeichukua HD, akaibana upya katika kuhariri, akaibana tena ili iwe DVD, kisha mwenye harusi akaichukua DVD hiyo akaigeuza MP4 ili aitume kwa simu, amekamua nazi mara nne. Anayepokea huko Jedda ataona vivuli vikicheza.

Kwa hiyo kila nakala na ikamuliwe kutoka katika nazi yenyewe. Ukitaka DVD, itoke katika faili za asili. Ukitaka ya simu, nayo itoke katika faili za asili. Asiyekuwa nazo hana ila tui la pili, na hakuna fundi wala programu itakayomrudishia la kwanza.

DISKI NAYO HUFA

Wengi huamini kwamba kilichochomwa katika diski kimehifadhiwa milele. La. DVD za dukani zimepigwa muhuri kiwandani, lakini hizi za kuchoma hutegemea ile rangi iliyopakwa, na rangi hiyo hupauka kwa mwanga wa jua na joto. Nasi tunakaa mahali penye joto, unyevu na chumvi ya bahari. Kanda za VHS huota ukungu, na matundu ya deki huingia kutu. Diski iliyowekwa juu ya televisheni mbele ya dirisha haiwezi kulinganishwa na iliyowekwa wima katika kasha lake, ndani ya kabati la giza.

Hata diski ikiwa nzima, mashine zinaondoka. Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Mwezi wa Februari 2025 Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski tupu za Blu-ray na kanda za MiniDV. Kompyuta nyingi za mkononi zinazouzwa leo hazina hata pa kutia diski. Anayengoja mpaka mjukuu aulize atakuwa na diski nzima na asiwe na pa kuitia.

Ushauri uliothibiti ni huu: faili za asili ziwekwe katika diski ngumu 2, zisizokaa nyumba moja, ili moto, mafuriko au mwizi asichukue zote. Mara moja kwa mwaka, tuseme mwezi wa Shaabani watu wanaposafisha nyumba kabla ya Ramadhani, zifunguliwe na kutazamwa kama zingali hai. Ikifika miaka michache zihamishiwe diski mpya. Na kila folda iandikwe jina la harusi, mji na mwaka, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Faili iitwayo 00003 haitamwambia mtu, miaka 20 ijayo, kwamba yule bibi kizee aliyekaa kwenye kiti cha ukindu ni nyanya yake.

NI NANI MWENYE FUNGUO?

Hadi hapa tumezungumza kuhusu kuhifadhi. Liko jambo jingine ambalo kwetu sisi Waislamu wa pwani ni zito zaidi, nalo ni sitara.

Siku ya kupamba ni ya wanawake. Huko mabuibui huvuliwa, nywele hutengenezwa, watu hucheza kwa raha zao, kwa kuaminiana kwamba hakuna mwanamume na hakuna jicho la nje. Nyumba nyingi huajiri mwanamke kupiga video, na hilo ni jema. Lakini swali halimaliziki kwa nani alishika kamera. Swali ni nani alizishika picha baadaye.

Katika zama za VHS jibu lilikuwa jepesi. Kanda ilikuwa moja, na mama aliyekuwa nayo alikuwa na ufunguo wa kabati. Leo, hadi diski inapokabidhiwa, picha zilezile zimekwisha kukaa katika kadi ya kamera, katika kompyuta ya mhariri, katika faili za muda ambazo programu ya kuhariri hujiundia, na katika ile picha nzima ya diski ambayo programu ya kuchoma huitayarisha kabla ya kuchoma. Ni mahali panne, na mwenye harusi hapajui hata pamoja. Mpiga video ni mwanamke, ndiyo, lakini kompyuta aweza kuwa akiitumia pamoja na kaka yake, au siku moja ikapelekwa kwa fundi mtaani.

Tena kufuta siyo kuharibu. Faili iliyofutwa katika kadi ya memori huondolewa katika orodha tu. Picha zenyewe zaweza kurejeshwa kwa programu za kawaida hadi zitakapoandikwa nyingine juu yake. Na DVD ya kuchomea haina kufuli ya namna yoyote. Kila anayeazimwa kwa usiku mmoja anaweza kuinakili kwa muda wa kunywa kahawa, asiache alama.

Sheria ya nchi haikunyamaza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu na mambo ya jamaa yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamlazimu anayeweka habari za watu kwa biashara kuzilinda. Lakini picha ikishatoka, kesi haiirudishi. Dini yetu ilitangulia kwa neno moja, amana. Katika Sura An-Nisaa tumeamrishwa kuzirejesha amana kwa wenyewe, na sidhani kama kuna amana nyeti kuliko nyuso za mama na dada zetu siku ya furaha yao. Masheikh wana maneno yao kuhusu kupiga picha kwenyewe, na hayo ni ya kuulizwa wao. Ila aliyekwisha kupiga hana hiari katika kulinda.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Basi wavyele, kabla ya kutoa arbuni, mkalisheni mpiga video mumuulize haya.

Je, atatoa faili zote za asili kama zilivyotoka katika kamera, ndani ya diski ngumu mtakayonunua nyinyi? Faili za saa 6 za AVCHD kwa mwendo wa megabiti 17 hazifiki gigabaiti 50, kwa hiyo asiseme hazienei.

Je, video ya wanaume na ya wanawake zitakuwa mbalimbali, kila moja na kifaa chake, ili ya nikahi iweze kupelekwa kokote na ya kupamba ibaki ndani?

Je, atahariri wapi, kwa kompyuta ya nani, na baada ya kukabidhi atafuta nini, mbele ya nani? Kadi ya siku ya kupamba inaweza kununuliwa na mwenye harusi mwenyewe na kurudishwa kwake usiku uleule baada ya kunakiliwa. Bei yake haifiki bei ya keki.

Je, maneno haya yameandikwa na kutiwa sahihi? Katika miji yetu watu huona haya kuandikiana na wanaofahamiana. Hata hivyo nikahi yenyewe, iliyo baina ya watu wanaopendana, ina mashahidi na cheti.

Na kwa nyumba zilizokwisha kuoza zamani, kazi inaweza kuanza wiki hii. Mtafuteni aliyewapigia video na mumuulize kama faili zingalipo. Zikiwapo, zichukueni zote, kisha mwombeni asafishe kompyuta yake. Kama zimepotea, basi diski mliyo nayo ndiyo asili yenu kuanzia leo: nakilini kila kilichomo, bila ya kukibana upya, mkiweke mahali pawili. Waliomo katika picha hizo wanazidi kupungua kila mwaka, na waliobaki wangali wanaweza kuwatajieni majina yao.